Mkalimani wa Pepo

Kanisa letu liko Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Jumamosi saa tatu asubuhi, watu wanapoanza kuingia kwa ajili ya maombezi ya kufunguliwa, mashine nayo huwa imeshapata wateja, kwa hiyo mchungaji hulazimika kukemea kwa sauti kubwa kuliko ile ambayo shetani mwenyewe angehitaji. Wageni hudhani ni upako. Sisi wenyeji tunajua anashindana na mahindi ya watu.

Mimi nilikuwa nakaa benchi la nne kutoka nyuma, karibu na dirisha. Ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, miaka ishirini na kitu sasa, na Jumamosi nilikuwa naenda na madaftari ya kusahihisha kwenye mfuko. Sikuwa katika kundi la waombaji. Waombaji ni watu wa kufunga, na mimi nikifunga kufika saa saba mchana naanza kuwachukia watu wasio na hatia. Kazi yangu ilikuwa kuitikia amina, kushika mikoba ya walioanguka, na kuwafunika kanga miguuni.

Sisemi mapepo hayapo. Niliwahi kumwona dada mmoja mwembamba, mpika chai wa ofisini, akiwaburuta wazee wa kanisa watatu mpaka mlangoni, na mmoja wao kiatu chake hakikuonekana tena mpaka leo. Jambo la namna hiyo ukiliona kwa macho yako huendi kubishana na mtu. Tatizo langu lilikuwa la kitaaluma. Sikuweza kumsikia mchungaji akisema "pepo hili, toka" bila kujiuliza habari ya ngeli. Ni pepo hili au ni pepo huyu? Halafu neno lile lile ukilitia "ni" mwishoni linakuwa mahali ambapo watu wote mle ndani walikuwa wanalia wapelekwe. Siku moja nilimuuliza mchungaji. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, wewe likitoka tu, shukuru."

Mchungaji wetu ni kijana. Alikuja Dodoma miaka ile ofisi za serikali zilipohamia huku, na washirika wake wengi ni hao hao waliohamia: watumishi wa wizara, wake zao, waume zao, watu wa mikoa yote. Yeye ananiamkia shikamoo, mimi naitikia marahaba, kisha namwita baba. Ni mtu mwema, na ana utaratibu. Huko alikosomea huduma alifundishwa kwamba pepo halifukuzwi kabla halijahojiwa. Maswali ni manne: jina lako nani, mko wangapi, mmeingia kwa mlango gani, na mnatoka lini. Majibu huandikwa na katibu kwenye daftari kubwa. Nilishawahi kumwona akihoji pepo moja kwa saa nzima, kwa upole wa kuchosha, kama afisa uhamiaji mwenye mashaka na pasi ya mtu.

Jumamosi ninayoisimulia, waliingia watu watatu kutoka kijiji kimoja upande wa Bahi. Mbele alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, kitenge kipya, sauti ya kuita ng'ombe. Nyuma yake mwanamume aliyevaa koti zito katika joto lile, kofia mkononi. Katikati yao mke wa yule bwana, mwanamke mwenzangu wa umri kama wangu, mkavu, kimya, macho chini. Yule mwenye sauti alikuwa wifi wa mgonjwa, yaani dada wa mume, na ndiye aliyeamua waje.

"Mchungaji," alianza kabla hata hajaketi, "mke wa kaka yangu ana mtu ndani. Tangu tuvune. Akisonga ugali anaanguka. Akianguka anasema kwa sauti ya mwanaume."

"Anasema nini?"

Wifi akamtazama kaka yake. Kaka yake akaitazama kofia.

"Mambo," wifi akasema. "Mambo tu."

Mchungaji akamweka mgonjwa katikati, wifi akamshika mkono wa kushoto, mzee wa kanisa mkono wa kulia. Maombi yakaanza. Haikuchukua muda. Yule mama akaanguka, ila alianguka taratibu, kwa adabu, na sakafu yetu ina mahali palipobomoka ambapo wengi wameumia viwiko, yeye alipakwepa. Niliona, nikanyamaza. Nikatoa kanga, nikamfunika miguu.

"Jina lako nani?" mchungaji akauliza.

Ikatoka sauti. Nzito, kavu, kama ya mwanamume mwenye mafua. Maneno mengi, kwa mkupuo.

"Kwa mamlaka niliyopewa," mchungaji akasema, "sema Kiswahili!"

Sauti ikaendelea vile vile.

"Linanena kwa lugha!" mama mmoja wa wizarani akapiga kelele, na watu wakaanza kuitikia.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Miaka yote ya kusahihisha watoto inamfanya mtu asahihishe bila kukusudia. "Si kunena kwa lugha," nikasema. "Ni Kigogo."

Kanisa zima likageuka.

"Unakijua, Mwalimu?"

"Baba, ndicho nilichonyonyea."

Mume na wifi nao ni Wagogo, na kwa akili ya kawaida wao ndio wangetafsiri. Lakini mchungaji ana sheria yake: ndugu wa mgonjwa hawatafsiri, maana ikiwa pepo ni la ukoo, nani ajuaye limekaa kwa nani. Basi nikapewa maiki ya pili, ile yenye mkanda mweusi uliozungushwa shingoni, nikasimama juu ya kichwa cha mgonjwa nikiwa na kalamu nyekundu bado sikioni.

"Muulize jina lake."

Nikafungua mdomo kuuliza, nikashindwa. Kwetu huwezi kumwanza mtu kwa swali. Bibi yangu angefufuka. Nikainama kidogo nikasema, "Mbukwenyi." Hiyo ndiyo salamu yetu, na niliisema kwa wingi, kwa heshima, na pia kwa sababu mchungaji hufundisha kwamba mapepo hayatembei peke yake.

Pepo akanyamaza. Kisha, kutoka sakafuni, akaitikia vizuri kabisa. Akauliza nyumbani hawajambo. Nikasema hawajambo. Akauliza habari za mvua kwetu, nikasema mwaka huu ilikuwa ya kubahatisha. Akauliza mifugo. Nikamwambia mimi ni mtu wa mjini, nina kuku watano tu. Akasema kuku nao ni mifugo. Tangu dakika hiyo swali langu la ngeli likawa limekwisha: aliyeitikia salamu namna ile ni huyu, hawezi kuwa hili.

"Anasemaje?" mchungaji akauliza, kalamu ya katibu ikiwa tayari.

"Bado tunasalimiana."

"Mwalimu! Umelisalimia pepo?"

"Baba, wewe mwenyewe ulifundisha kwamba yapo tangu kabla ya Adamu. Mtu wa umri huo utamwanzaje bila salamu?"

Kuna watu walicheka, nikawasikia. Mchungaji akafuta uso kwa leso. "Muulize jina."

Nikauliza. Pepo akajibu kwamba jina analo, alipewa na baba yake, zuri tu, ila tangu aolewe amesahau mlio wake. Nyumbani mume akimtaka husema "we". Akiwa mbali sana husema "wee".

Nikamtazama mume. Koti lilikuwa limemkaa vibaya ghafla. Nikashika maiki nikasema, "Anasema jina analo, ila halitumiki."

"Roho ya kujificha," mchungaji akamwambia katibu. "Andika. Mko wangapi?"

"Saba," pepo akasema, na hiyo niliitafsiri mara moja, maana sikuona ubaya wake. Saba! Kanisa likalipuka. Matari yakapigwa, mzee wa kanisa akaachia mkono wa kulia ili apige makofi. Katikati ya kelele ile pepo alikuwa bado anaendelea kunifafanulia: yeye, mume, wifi, na watoto wanne wa wifi. Vyumba viwili. Nikaona ufafanuzi ule hautasikika hata nikiusema, nikauacha. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza la ukalimani, na kama makosa yote ya kwanza halikuniuma.

"Mmeingia kwa mlango gani?"

Mchungaji anaposema mlango ana maana ya kiroho: laana, kafara, hirizi, dawa uliyochanjwa utotoni. Mimi nililitafsiri neno lenyewe kama lilivyo. Mlango ni mlango. Pepo akajibu kwamba huingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wa mbele mume ameuzibia magunia ya alizeti tangu mavuno ya mwaka juzi, na mtu akitoka kisimani na ndoo kichwani lazima azunguke nyumba nzima, apite katikati ya mbuzi.

"Mlango wa nyuma," nikasema kwenye maiki.

"Mmesikia?" mchungaji akawageukia watu, uso unang'aa. "Mlango wa nyuma! Adui haji kwa mbele, wapendwa!" Akahubiri juu ya mlango wa nyuma kwa dakika nzuri kumi. Ulikuwa ujumbe wenye nguvu, mimi mwenyewe uliniingia. Watu walitubu. Muda wote huo pepo alikuwa amelala chini akisubiri kwa uvumilivu, na mume alikuwa anaigeuza kofia kama anayetafuta mahali ilipoanza kushonwa.

Likabaki swali la nne. "Kwa mara ya mwisho," mchungaji akanguruma, "mnatoka lini?"

Jibu lilikuja haraka. Pepo alisema, kwa Kigogo kilichonyooka, kwamba yeye hana neno, atatoka hata leo, lakini atangulie kutoka huyu aliyemshika mkono wa kushoto, ambaye alikuja kukaa wiki mbili na sasa wameshavuna mara mbili akiwa ndani.

Nikainua maiki. Nikakutana na macho ya wifi. Elewa hali ilivyokuwa: katika kanisa lile la wahamiaji, lenye watu wasiopungua mia, waliokuwa wanajua kilichosemwa ni wanne tu, na mmoja wao alikuwa pepo. Wifi alinitazama kama mtu anayeshikilia kamba ya mwisho. Mume aliacha kuigeuza kofia. Mchungaji akasema, "Mwalimu? Anasemaje?"

"Anasema," nikasema. "Anasema watatoka kwa awamu."

Watumishi wa serikali wakatikisa vichwa. Kwa awamu ni jambo wanalolielewa. Hata mchungaji aliliona lina mantiki, akamgeukia katibu aandike.

Kwa bahati mbaya wakati huo huo jirani alikuwa amezima mashine ya kusaga abadilishe mkanda, kwa hiyo hakuna aliyekosa kusikia kilichofuata. Mgonjwa alifumbua jicho moja. Akaniangalia. Na kwa sauti ile ile nzito, kwa Kiswahili ambacho ningekipa alama zote, akasema:

"Mwalimu, sikusema hivyo."

Maiki nusura initoke.

"Nimesema atoke wifi. Ukitafsiri, tafsiri nilivyosema."

"Kumbe linajua Kiswahili!" mchungaji akasema, naye sauti imepanda kama ya mtoto.

"Nakijua. Nimesoma mpaka darasa la saba."

"Sasa kwa nini ulikuwa husemi?"

"Ya nyumbani kwangu ni ya Kigogo," pepo akajibu. "Lakini huyu ananiharibia."

Hapo wifi akauachia ule mkono. "Mwongo!" akasema. "Mchungaji, mwongo huyu! Mimi ndiye ninayefua, mimi ndiye ninayechunga mbuzi wake, nani anateka maji asubuhi kama si mwanangu?"

"Dada, dada," mchungaji akainua mikono, "tafadhali, usibishane na pepo."

"Sibishani na pepo mimi! Nabishana na mke wa kaka yangu!"

Alipokwisha kulisema akalisikia. Akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mahali fulani nyuma mtoto aliangusha kopo la maji likaviringika mpaka mbele. Mchungaji, namsifu kwa hili, hakusema neno lolote la busara. Alipiga magoti, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba, akasema amina. Yule mama akaketi, akajitengeneza kilemba, akaomba maji. Akasema hakumbuki kitu. Kisha akanigeukia, akanisalimia kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba na nzuri, na akaniuliza nyumbani hawajambo.

Baada ya ibada niliitwa ofisini. Ofisi ya mchungaji ni chumba kidogo chenye vipaza sauti vibovu na meza.

"Mwalimu," akasema, "shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mkalimani hapunguzi."

"Najua."

"Nilisimama mbele ya kanisa nikahubiri mlango wa nyuma."

"Ulihubiri vizuri sana."

"Mwalimu. Niambie yote."

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye saba, akalivuta lile daftari kubwa, akatazama alichoandika katibu. "Kwa hiyo hawa saba…"

"Ni watu wa nyumbani, baba. Ndani ya vyumba viwili."

Akachukua kalamu, akakata. Nilipofika kwenye habari ya jina, hakuandika chochote. Kisha akatoa simu, akampigia mkewe, na nikamsikia akimwita jina lake la ubatizo, si mama fulani kama anavyomwita siku zote. Upande wa pili nikasikia mke anauliza kwa hofu, "Kuna msiba gani?"

Kabla ya Jumatatu tukio lilikuwa limefika kwenye simu za watu. Mtu wa kwaya alirekodi, akatuma kwenye kundi la kanisa, na makundi ya kanisa hayana kuta. Nilipoingia ofisi ya walimu, mwalimu wa hisabati akainama akasema mbukwenyi, na wote wakaangua kicheko. Nikimwomba mtu anirudishie kitabu changu ananiambia atarudisha kwa awamu. Mume wangu nyumbani hakucheka. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuoane, na kabla ya kutoka akaniuliza kwa sauti ya kawaida mno kama kuna kitu chochote ndani ya nyumba kinanisumbua. Nikamwambia bomba la jikoni. Lilitengenezwa siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata mchungaji aliazima gari la mshirika mmoja tukaenda kijijini, mimi na yeye. Alikuwa amevaa viatu vyake vya Jumapili, vyembamba mbele, vinang'aa. Nyumba ilikuwa ya tofali na bati, na mlango wa mbele, kweli, ulikuwa umezibwa na magunia mpaka juu. Panya walishajifanyia makazi. Tukazunguka. Tukapita katikati ya mbuzi. Mchungaji alipita pale, na nilimwona anahesabu hatua.

Wifi ndiye aliyetupikia. Ugali wa uwele na mlenda, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yetu, na lazima niseme ukweli kwamba sijala mlenda kama ule tangu bibi yangu afe. Alikuwa anatembea na vyombo kichwa chini, sauti yake ya ng'ombe imemwisha. Tulipomaliza kula mchungaji akamwomba akae, aseme na yeye ya kwake. Akakaa, na akaanza kwa Kigogo. Nikamtazama mchungaji, naye akaniinulia kidole: yote.

Nilitafsiri yote. Kwamba aliolewa mbali, upande wa Chemba, na mume akafa. Kwamba ndugu wa mume walimpa siku tatu. Kwamba aliondoka na watoto wanne na sufuria mbili, na mahali pa kwenda palikuwa hapa tu, kwa kaka yake. Kwamba anajua anawabana, anajua kila asubuhi akifumbua macho, ndiyo maana anasema kwa sauti kubwa, ili asisikie watu wanavyomnung'unikia. Kwamba alimpeleka wifi yake kanisani kwa moyo mweupe, akidhani ni pepo kweli, kwa sababu kama si pepo basi ni yeye. Nilitafsiri hata pale alipokatisha kilio akasema viatu vya huyu mchungaji mbona kama vya kike.

"Asante," mchungaji akasema, akiivuta miguu chini ya kigoda.

Wifi akapangusa pua. "Yeye ana pepo wa kumsemea," akasema, akimwonyesha mke wa kaka yake kwa kidevu. "Mimi ananisemea nani?"

Hilo nililisema taratibu. Yule mke, ambaye muda wote alikuwa amekaa mlangoni akichambua kunde, aliweka ungo chini, akaja akaketi karibu na wifi yake kwenye mkeka. Hakumkumbatia, kwetu hatuna mambo hayo. Alichukua tu kile kikombe kilichokuwa kitupu mbele yake akakijaza.

Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo, mimi na yeye peke yetu, nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa Kigogo, "Dada, siku ile ulikuwa unasikia?"

Alifikiri akiwa anasugua sufuria kwa mchanga. "Mwalimu, ukiwa umelala mvua ikinyesha, unaisikia?"

"Naisikia."

"Basi."

Nimelibeba jibu hilo hadi leo na sijui bado linamaanisha nini. Watu wakiniuliza kama lilikuwa pepo kweli au mwanamke aliyechoka, nawaambia waende wakamuulize wenyewe, na wasisahau salamu.

Mchungaji alichoamua hakikuwa cha kiroho sana. Alisema mvua bado miezi miwili, na upande wa pili wa uwanja pana nafasi ya vyumba viwili. Tofali zilifyatuliwa na wanakijiji. Kanisa likatoa bati na watu, na hao watu ndio walikuwa burudani: maafisa wa wizara waliozoea kompyuta, wameshika sepeto kama wameshika nyoka. Mmoja alipata malengelenge akiwa bado anavaa glavu. Mchungaji alikanyaga udongo wa kujengea na suruali imekunjwa magotini, safari hii amekuja na malapa. Magunia yaliondolewa mlangoni siku ya kwanza, si kwa toba, bali kwa sababu yaliziba njia ya kupitishia mbao. Mume alisimama akiyaangalia yanavyotoka kama anayesindikiza watoto shule.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya ujenzi, kuta zimefika usawa wa dirisha. Wifi na yule mke walikuwa wanaleta maji wakipokezana ndoo moja, wakigombana njia nzima juu ya nani anamwaga. Mume alikuwa juu ya ngazi akipokea tofali. Alikuwa amebadilika kidogo bwana yule. Koti alishalivua, na nilimsikia mara mbili asubuhi ile akimwita mkewe jina, kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Akashuka ngazi, akamsogelea mchungaji pale kwenye udongo.

"Mchungaji," akasema kwa sauti ya chini, "nina swali. Lile pepo sasa, limetoka, au tulijengee na lenyewe?"

Mchungaji akaacha kukanyaga. Nilimwona anatafuta kifungu, hakipati. Maafisa wa wizara wakasimamisha sepeto. Mume alikuwa hatanii, alitaka kujua kweli, apange vipimo.

Mkewe alikuwa amefika na ndoo. Hakuna aliyejua amesikia kiasi gani. Aliitua, akanyoosha mgongo, akasafisha koo: sauti nzito, kavu, ya ndani kabisa.

Wanaume wote waliweka chini walichokuwa wameshika. Mzee mmoja wa kanisa alirudi nyuma hatua mbili akaingia kwenye udongo. Mimi, Mungu anisamehe, niligusa sikio kuona kama kalamu ipo.

Akakohoa tena, akatema pembeni, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Vumbi," akasema. Akamimina maji kwenye udongo, akamtazama mchungaji. "Mbona mmesimama? Kanyaga, baba, utakauka huo."

Akakanyaga.